Maswali ya Wasomaji: Bei ya Zamani Uliyoiona Huenda Hakuna Aliyewahi Kuilipa

Toleo lililopita niliomba mniulize chochote kuhusu bei za zamani za hisa, nikajua ntapata maswali mawili matatu ya kujazia ukurasa, kumbe nimejichokoza mwenyewe, sanduku limefurika. Yale ya "ninunue hisa gani" nimeyaweka pembeni, hiyo sio kazi ya safu hii hata mkiuliza mara 100. Haya mengine twende nayo.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimepakua data za Apple tangu siku ya kwanza, nikakuta Desemba 1980 hisa moja haifiki hata senti 15 za dola. Nikamwonyesha mjomba akacheka, anasema hiyo ni faili mbovu, hisa zile ziliuzwa dola 20 na kitu. Nani mkweli hapa?

JIBU: Mjomba wako. Ila na faili lako sio bovu, ndo hapo patamu.

Apple iliingia sokoni tarehe 12 Desemba 1980 kwa dola 22 hisa moja. Hakuna binadamu aliyeinunua kwa senti 13 siku ile. Hizo senti zimepikwa baadaye, na zimepikwa kwa nia njema kabisa, kwa sababu tangu hapo kampuni imegawanya hisa zake mara 5, ndo ile watu wanaita spliti: 2 kwa 1 mwaka 1987, tena 2000, tena 2005, halafu 7 kwa 1 mwaka 2014, halafu 4 kwa 1 mwaka 2020. Zidisha 2 kwa 2 kwa 2 kwa 7 kwa 4, jibu ni 224. Yaani mtu aliyenunua hisa 1 mwaka 1980 akaifungia kabatini, leo anazo 224 bila kuongeza hata shilingi. Sasa chukua dola 22 gawa kwa 224, unapata senti 9.8, na kwa kuwa siku ile ilifunga, yaani bei ya mwisho soko linapofungwa, karibu na dola 29, ndo unaona senti 13 hivi kwenye faili lako.

Kwa nini wanajisumbua hivyo? Angalia wasipofanya. Ijumaa tarehe 28 Agosti 2020 Apple ilifunga dola 499.23. Jumatatu tarehe 31 ikafunga 129.04. Mtu asiyejua habari za spliti anaona kampuni imepoteza asilimia 74 wikiendi moja, anashika kichwa. Ila gawa ile 499.23 kwa 4, inakuwa 124.81, kumbe hisa ilipanda asilimia 3.4. Mimi mwenyewe nilishawahi kutengeneza kafomula kangu ka Eksel ka kunionya hisa yoyote ikishuka zaidi ya asilimia 20 kwa siku, nikaona nimekuwa mtaalamu, af onyo langu la kwanza kabisa likawa spliti. Nilikaa kama nusu saa natafuta habari mbaya ambayo haipo.

Mambo huwa yanageuka pia. Citigroup, benki ya Marekani, Mei 2011 walifanya kinyume, hisa 10 zikawa 1, bei ikaruka kutoka dola 4 na kitu hadi 40 na kitu na hakuna aliyetajirika hata kidogo. Ndo maana leo ukifungua chati yake unaona mwaka 2006 ilikuwa juu ya dola 500, wakati aliyenunua siku zile alilipa 50 na kitu.

Mwambie mjomba kumbukumbu yake iko vizuri.

SWALI: Faili langu lina kolamu ya bei ya kufungia na nyingine ya bei ya kufungia iliyorekebishwa. Nitumie ipi? Halafu kuna kitu kinanichanganya sana, nilipakua data mwaka jana na nimepakua tena mwaka huu, hisa ileile, tarehe ileile ya miaka 5 nyuma, ila kwenye hiyo kolamu iliyorekebishwa namba ni tofauti. Historia inabadilikaje jamani?

JIBU: Hili ndo swali nililolipenda kuliko yote mwezi huu, maana ukilielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi.

Historia haijabadilika, kilichobadilika ni sehemu unayosimama kuitazama. Kolamu iliyorekebishwa inahesabiwa kuanzia leo kurudi nyuma. Bei ya leo inaachwa kama ilivyo, za nyuma ndo zinasukumwa chini kila kampuni inapolipa gawio, yaani pesa inazowagawia wenye hisa, au kufanya spliti.

Chukua mfano, hisa imefunga dola 50, na kesho ndo siku ambayo atakayenunua hatapata tena gawio la dola 2. Kesho asubuhi hisa hiyo, kama hakuna habari nyingine yoyote, itafungua kwenye 48 hivi, kwa sababu zile dola 2 zimetoka kwenye kampuni zinaenda mfukoni kwa wenye hisa wa jana. Mwenye hisa hajapoteza kitu, ana 48 za hisa na 2 za pesa taslimu. Ila chati inaonyesha kashuka asilimia 4. Kurekebisha hiyo unachukua 2 gawa kwa 50, ni 0.04, unatoa kwenye 1 inabaki 0.96, af hiyo 0.96 unazidisha na KILA bei ya nyuma, sio ya jana tu, zote mpaka mwanzo wa faili. Jana inakuwa 48. Siku ya miaka 3 nyuma iliyokuwa 40 inakuwa 38.40. Miezi michache baadaye gawio jingine, kizidisho kingine, zote zinasukumwa tena. Sasa we faili lako la mwaka jana lilipigwa picha kabla ya magawio ya mwaka huu, hili jipya limepigwa baada, lazima zitofautiane.

Kwa hiyo kosa moja kubwa ambalo nawaona watu wanalifanya na najua hata we umeshalifikiria, ni kuchukua faili la zamani na kubandika chini yake mistari mipya ya miezi ya karibuni ili usipakue upya. Usifanye hivyo. Pale data za zamani na mpya zinapoungana utapata mruko wa uongo, mdogo mdogo, mbaya kuliko ule mkubwa kwa sababu hauonekani kwa macho. Pakua lote upya.

Magawio mengine sio madogo. Mwaka 2004 Microsoft ililipa gawio maalum la dola 3 kwa kila hisa, wakati hisa yenyewe ilikuwa inatembea chini kidogo ya dola 30. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya bei, inatoka kwa mpigo mmoja. Ukitumia bei isiyorekebishwa unasema Microsoft walifanya vibaya mwezi ule, na wenye hisa walikuwa wanahesabu hela.

Sasa utumie ipi, inategemea unauliza nini. Ukitaka kujua mtu aliyekaa na hisa miaka 10 amepata faida asilimia ngapi ukijumlisha na magawio, au unataka kulinganisha hisa mbili ambapo moja inalipa magawio manono na nyingine hailipi kitu, chukua iliyorekebishwa. Ukitaka kujua siku fulani watu walilipa shilingi ngapi kweli, kwa mambo ya kodi, mirathi, kesi, au kukumbuka ulinunua kwa ngapi, iliyorekebishwa itakudanganya, tafuta bei halisi.

Na hapa kuna mtego. Kwenye tovuti nyingi hata ile kolamu ya "kufungia" ya kawaida imesharekebishwa kwa ajili ya spliti, bado magawio tu. Dawa yake ni kuijaribu. Fungua Apple, nenda tarehe 28 Agosti 2020. Ukikuta 499 hiyo ni bei mbichi haijaguswa, ukikuta 124.81 wamerekebisha spliti tu, ukikuta chini ya hapo wameingiza na magawio. Dakika moja tu, unajua chakula chako kimepikwaje.

SWALI: Shikamoo mshauri. Baba yetu alifariki Jumamosi tarehe 15 Septemba 2001. Juzi tukipekua makabrasha yake tumekuta vyeti vya hisa za kampuni ya Marekani. Mwanasheria anataka thamani ya siku aliyofariki. Nimetafuta bei, data inaruka kutoka tarehe 10 mpaka 17. Je, faili lina pengo au mi ndo sijui kutafuta?

JIBU: Marahaba, na poleni sana, karatasi za mzee zikifunguliwa hata baada ya miaka mingi msiba unarudi.

Faili halina pengo. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba masoko ya hisa ya Marekani hayakufunguliwa mpaka Jumatatu tarehe 17, ndo kilikuwa kipindi kirefu zaidi cha kufungwa tangu 1933. Bei za siku hizo hazipo kwa sababu hakuna aliyenunua wala kuuza. Na hata bila hilo, Jumamosi soko huwa limefungwa.

Kwenu hili sio jambo dogo, maana tarehe 17 soko lilipofunguliwa fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka asilimia 7.1 kwa siku moja. Ukichukua bei ya tarehe 10 na ukichukua ya tarehe 17 utapata thamani mbili tofauti. Kwa hiyo usijichagulie. Muulize mwanasheria sheria inayowahusu inasemaje. Kwa Marekani, kodi ya mirathi haitumii hata bei ya kufungia, inachukua wastani wa bei ya juu na ya chini ya siku husika, na kama siku hiyo hakukuwa na biashara wanachukua wastani wa siku ya kabla na ya baada, ile iliyo karibu zaidi ikipewa uzito mkubwa. Kwa hiyo toa kwenye faili bei ya juu na ya chini za tarehe 10 na za tarehe 17, zote nne, mpelekee yeye apige hesabu.

Halafu, na hapa ndo watu wanaumia, idadi ya hisa na bei lazima viwe vya wakati mmoja. Cheti kikisema hisa 100, hizo ni 100 za siku kilipotolewa. Kwanza angalia kama kati ya tarehe ya cheti na Septemba 2001 kulikuwa na spliti, upate hisa alizokuwa nazo mzee siku ile. Hizo ndo unazidisha na bei mbichi ya siku ile. Ukizidisha na bei iliyorekebishwa ambayo imeshagawanywa kwa spliti zilizofuata utapata thamani kiduchu, mtagombana bure ndugu kwa ndugu.

Jambo la mwisho, hakikisha unaangalia kampuni yenyewe. Zile herufi fupi za kwenye soko zinahama. Facebook ilikuwa FB mpaka Juni 2022 ikawa META, na kabla yake hizo herufi META zilikuwa za mfuko mwingine kabisa wa uwekezaji. Kampuni za mwaka 2001 nyingi zimeungana, zimenunuliwa au zimebadili jina, kwa hiyo fuata jina kamili lililo kwenye cheti, ulizia kampuni imeishia wapi, ndo utafute bei. Na kama kwenye makabrasha kuna kipande cha gazeti chenye bei kama 28 3/4, usishangae, ni 28.75, Marekani walikuwa wanaandika kwa sehemu mpaka 2001 walipohamia kabisa kwenye desimali.

SWALI: Bro nimegundua siri ya soko! Nimechukua data za miaka 10 za kampuni 10 kubwa zaidi duniani sa hivi, nikajaribu mkakati wa kununua bei ikivuka wastani wake wa siku 50 kwenda juu na kuuza ikishuka chini yake. Hela inakuwa mara 30. Nafikiria kuacha kazi. Niambie tu kama kuna kitu nimekosea.

JIBU: Mdogo wangu, kazi usiache kwanza.

Anza na neno ulilolitumia mwenyewe, kampuni kubwa zaidi SA HIVI. Miaka 10 iliyopita we ulikuwa huzijui, hakuna aliyekupa hiyo orodha. Umewaona washindi wakiwa jukwaani na medali shingoni ndo ukarudi nyuma kuwawekea dau kabla mbio hazijaanza. Hapo hata mkakati wa kurusha sarafu utakutajirisha. Orodha ya kweli ni ya kampuni zilizokuwa kubwa siku ile unayoanzia, pamoja na zilizokuja kufa. Enron Agosti 2000 ilifika dola 90, Desemba 2001 ikafilisika. Lehman Brothers ikaanguka tarehe 15 Septemba 2008. Aliyekuwa anachagua kampuni za kifahari enzi zile angeweza kabisa kuzichagua, we kwenye orodha yako hazimo, na faili nyingi za bure huwa zinazifuta kabisa kampuni zilizotoka sokoni, kwa hiyo hata ukitaka kuwa mwaminifu data yenyewe haikuruhusu.

La pili, nionyeshe ule mstari wa hesabu unaponunua. Ntabashiri: unahesabu wastani wa siku 50 kwa kutumia bei ya kufungia ya leo, af unanunua kwa bei hiyohiyo ya kufungia ya leo. Sasa ukishaijua bei ya kufungia soko si limeshafungwa? Utanunuaje? Sogeza ununuzi uende kwenye bei ya kufungulia ya kesho yake, rudia hesabu, af uniambie mara 30 imebaki ngapi. Na kama umeweka masharti ya "uza ikigusa bei hii au ile" ndani ya siku moja, kumbuka ule mstari wa siku una bei ya kufungulia, ya juu, ya chini, ya kufungia na idadi ya hisa zilizouzwa, basi. Hausemi ya juu ilitangulia au ya chini. Programu yako inaamua yenyewe, na kwa uzoefu wangu, programu tulizoziandika wenyewe huwa zinatupendelea.

La tatu, kwa nini 50? Ulianza na 50 au ulijaribu 20, 35, 45, 60 ukabaki na iliyoleta hela nyingi? Usinijibu, jijibu mwenyewe. Ukijaribu namba za kutosha lazima moja itang'aa kwa bahati tu. Kata data yako, miaka 6 ya kwanza ndo uchezee unavyotaka, ile 4 ya mwisho usiifungue mpaka umeshaamua kila kitu, af ujaribu mara moja tu. Mara moja. Ukirudi kurekebisha umeshaiharibu.

Na hujakata gharama. Mkakati kama huo bei ikichezea karibu na wastani unanunua na kuuza mfululizo, kila mara dalali anakula chake, kuna tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na kodi inasubiri.

Miaka 10 nayo ni michache. Mtu aliyejifunza soko kwa data za Japani za miaka ya 1980 alijua hisa zinapanda tu. Nikkei, fahirisi ya Japani, ikafunga 38,915.87 siku ya mwisho ya biashara ya 1989, na haikuipita namba hiyo mpaka Februari 2024. Miaka 34. Nasdaq, fahirisi ya Marekani, ilifunga 5,048 Machi 2000, Oktoba 2002 ilikuwa 1,114, imebaki na asilimia 22 tu, ikachukua mpaka 2015 kurudi pale. Jaribu mkakati wako kwenye vipindi kama hivyo, ukitoka hai tutaongea tena. Sisemi haufai, nasema bado hujaupima.

SWALI: Mbona kwenye chati ndefu ya Dow Jones anguko la 1987 ambalo wazee wanalisimulia kama mwisho wa dunia linaonekana kama kakwaruzo?

JIBU: Kwa sababu chati yako inapima pointi, na moyo wa mwekezaji unapima asilimia. Tarehe 19 Oktoba 1987 Dow ilitoka 2,246.74 ikafika 1,738.74, pointi 508, asilimia 22.6 kwa siku moja. Pointi hizohizo 508 fahirisi ikiwa kwenye 40,000 ni asilimia 1.3 tu, siku ya kawaida, hata habari za saa mbili haziongozi nayo. Ya 1929 ndo usiseme, kutoka 381.17 Septemba ile mpaka 41.22 Julai 1932, asilimia 89 imeyeyuka, na kwenye chati yako wala haionekani, imelala sakafuni.

Tafuta kitufe kinachobadilisha kipimo kuwa cha logi. Hapo kutoka 100 kwenda 200 kunachukua nafasi sawa na kutoka 10,000 kwenda 20,000, na maanguko yote yanasimama kwa ukubwa wake. Chati ya zaidi ya miaka 20 isiyo ya logi mi huwa siisomi kabisa.

Na ukiwa hapo, usilinganishe fahirisi bila kuuliza kama magawio yamo. DAX ya Ujerumani ile inayotangazwa kila siku inahesabu na magawio kana kwamba yamewekezwa tena, S&P 500 ya Marekani inayotangazwa haihesabu. Ukiziweka kwenye chati moja unampa Mjerumani mtaji ambao mwenzake umemnyima.

SWALI: Nimepata hisa ya kampuni ya London, data inasema 250, ila mwenzangu anasema ameinunua pauni 2 na nusu. Anajisifu tu au?

JIBU: Hajisifu. Hisa nyingi za London bei inaandikwa kwa peni, sio pauni. Gawa kwa 100. Ila magawio angalia vizuri, maana faili lilelile linaweza kukupa bei kwa peni na gawio kwa pauni kwenye kolamu ya jirani.